Dakika Hamsini na Tano Hadi Endoroi

"Kumi na nane," Bariki alisema, kabla begi halijagusa mizani.

Mshale ulipanda, ukatetemeka, ukasimama kwenye kumi na nne.

Zamda, karani wa mizigo, aliinua kalamu akamtazama. "Mzee wangu, leo umeamka na mkono wa nani? Kumi na nne hiyo."

"Andika kumi na nne."

Lilikuwa begi la tatu tangu wafungue, na mara zote tatu mkono wake ulikuwa umetaja zaidi. Halikuwa jambo dogo. Miaka ishirini na miwili Bariki alikuwa amepima na kupakia mizigo katika uwanja mdogo wa ndege wa Kisongo, na mkono wake wa kulia ulijulikana kuanzia kwa marubani hadi kwa akina mama wanaouza chai nje ya geti. Alikuwa akilinyanyua begi kidogo tu, kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala, anataja kilo, halafu mizani inakuja nyuma yake kukubali. Zamda alimwekea sharti la utani: ukikosea zaidi ya nusu kilo, andazi juu yako. Kwa miaka mitatu Bariki alikuwa amenunua maandazi mawili. Asubuhi hii peke yake yalishafika matatu.

Ndege kubwa zinatua kule njia ya Moshi. Hapa Kisongo ndege nyingi ni ndogo, na ndege ndogo haiulizi begi tu, inamuuliza na mwenye begi. Abiria anapanda mizani na viatu vyake, na simu yake, na chapati aliyofungiwa nyumbani. Siku hiyo ya Jumatatu ndege ya kwanza ilikuwa ya Endoroi. Kutoka Kisongo hadi Endoroi ni kilomita mia mbili na kumi kwa njia ya angani, dakika hamsini na tano kama upepo hauna ubishi. Kule hakuna mafuta. Kwa hiyo ndege inabeba ya kwenda, ya kurudi, na ya akiba, na inakwenda kutua kwenye uwanja wa udongo, mfupi, ambao mwisho wake kuna kilima. Kilo za mafuta na kilo za watu zinagombea nafasi moja. Bariki hakuwa amewahi kupanda ndege hata siku moja, lakini hesabu hiyo aliijua kama anavyoijua Baba Yetu.

"Mama, karibu upande hapa."

Mwanamke aliyeitwa alikuwa Mmeru wa mlimani, wa miaka sitini na kitu, kitenge kipya, kilemba kimefungwa kwa nguvu kana kwamba upepo wa ndege utaingia kichwani. Jina lake lilikuwa Kandida. Alipanda mizani taratibu, mikono ameikunja kifuani.

"Sabini na tisa," Zamda akasoma.

"Soma tena, mwanangu. Juzijuzi zahanati walinisoma themanini na tatu."

"Ni sabini na tisa, mama."

"Basi Mungu ni mwema! Na loshoro yangu ya mahindi na maziwa mgando nimekula kila siku, sijaacha hata kijiko." Abiria wengine wakacheka, hata wazungu wanne ambao hawakuelewa kitu. Kandida akashuka kwa madaha, akavuta kiroba chake mbele. Ndani kulikuwa na ndizi mbichi zilizofungwa kwa majani makavu ya mgomba. "Binti yangu Skolastika ni nesi kule Endoroi. Amejifungua Alhamisi. Wanasema hata kule ndizi zinaletwa, lakini mtori wa mzazi ukipikwa kwa ndizi za sokoni si mtori. Hizi nimezikata mgombani kwangu, pale kilipozikwa kitovu chake."

"Hongera sana, mama," Bariki alisema. Alikinyanyua kiroba. Ishirini na moja, mkono ukasema. Kumi na saba, mizani ikasema. Safari hii hakutaja kitu.

Akaanza kupakia. Mabegi kumi na moja, maboksi mawili ya chanjo yenye barafu, kreti nne za soda za kambi ya wageni. Kila kitu kilikuwa kizito kuliko kilivyoandikwa, na kila alipoinama alijiambia kwamba sasa umefika, ule umri. Mwezi uliopita meneja wao, Emmanuel, alikuwa amewakusanya wapakiaji akasema kampuni itaangalia nani bado ana nguvu. Emmanuel hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi haina jicho la huruma. Bariki alikuwa na miaka hamsini na sita, mke, ng'ombe mmoja wa maziwa nyumbani Olasiti, na binti, Vaileth, aliyebakiza mwaka mmoja chuoni.

Mlango wa ndege ulifungwa. Kapteni Rachel, rubani, alimpungia mkono kutoka dirishani kama kawaida yake, kisha injini ikaanza kuvuma.

Zamda alikuwa amepeleka karatasi ofisini. Bariki akabaki peke yake na mizani. Akaitazama, akatazama huku na huku kama mwizi, akapanda.

Sitini na saba.

Alikuwa sabini na moja. Miaka yote kilo sabini na moja, hata wakati wa Kwaresima. Marehemu kaka yake alianza hivyohivyo, suruali kulegea kidogo, kisha mkanda, kisha watu kushusha sauti akiingia. Alishuka, akashika ukingo wa mizani, akaomba kwa maneno machache kama alivyozoea. Alipofungua macho, jambo moja lilikuwa limekaa mbele yake waziwazi. Yeye amepungua kilo nne. Yule mama amepungua kilo nne. Kiroba kimepungua kilo nne, na begi la kwanza, na la pili, na la tatu. Ugonjwa gani huo unaoshika watu na mabegi kwa kipimo kimoja?

Hapo ndipo alipolikumbuka karai.

Jana ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani. Mizani ya usharika ilikuwa imekatika springi, na mtunza hazina, Gerson, alimpigia simu Jumamosi: mahindi, maharage na kahawa vitauzwaje mnadani bila kupimwa? Bariki ni mzee wa kanisa. Akaja uwanjani na toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, akamwambia mlinzi kwamba anaiazima mizani ya uwanja hadi jioni, akaipeleka kanisani. Kule walipimia kwenye karai la chuma, na ili wasihangaike kutoa uzito wa karai kila mara, Bariki mwenyewe alizungusha kile kifundo cha pembeni cha kusawazishia mpaka mshale ukasimama sifuri huku karai likiwa juu. Kilo nne za karai zikafutika. Jioni wakaondoa karai, wakaimba wimbo wa mwisho, wakaipakia mizani. Mshale ulirudi nyuma ukaegemea kwenye kizuizi chake cha chuma, palepale penye sifuri, kama mshale wa mizani yoyote isiyo na neno. Na lile jiwe la kilo ishirini ambalo kila asubuhi aliliweka kwanza kuijaribu mizani lilikuwa limesahaulika kwa Gerson. Asubuhi hii alijisemea, leo tu bila jiwe.

Alihesabu. Watu tisa. Mabegi kumi na moja. Maboksi mawili. Kreti nne. Mara ishirini na sita. Kila mara kilo nne.

Ndege ilikuwa imeanza kutembea.

Bariki hakuwa amekimbia tangu harusi ya mdogo wake. Alikimbia. Alipita kando ya bawa kwa mbali, kama walivyofundishwa, akatokea mbele ya pua ya ndege, akasimama pale Kapteni Rachel atakapomwona, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akaikutanisha kama msalaba. Simama. Panga la ndege lilikuwa linasaga hewa, nalo shati lake likapepea likamgonga usoni. Hakushusha mikono.

Panga likapunguza mwendo, likaonekana, likasimama.

"Mzee Bariki!" Rachel alifungua kidirisha. "Kuna nini?"

"Tumezidi, Kapteni."

Emmanuel alikuwa ameshatoka ofisini, tai imeruka begani. "Tumezidi nini? Karatasi nimesaini mimi mwenyewe. Tena zimebaki kilo kumi na moja!"

"Karatasi imedanganywa, bosi."

"Na nani?"

Rachel alishuka. Alikuwa binti wa miaka thelathini na ushee, mfupi, mtulivu, mtu wa kusikiliza kwanza. Alimwangalia Bariki jinsi kifua kilivyokuwa kinapanda na kushuka. "Mizani imeharibika, mzee?"

Huo ulikuwa mlango, na alikuwa amefunguliwa na mtu mwema bila kujua. Neno moja tu, ndiyo, lingetosha. Mizani huharibika. Hakuna mtu angemuuliza ilikuwa wapi jana. Lakini mizani ikiharibika safari inakufa mpaka ipatikane nyingine, leo au kesho, na barafu ya chanjo ilipimwa kwa safari ya dakika hamsini na tano, si ya siku mbili. Akina mama wa Endoroi walikuwa wameshaondoka kwenye maboma yao na watoto mgongoni, kwa maana leo ndiyo siku ya kliniki. Kupitia kioo cha ndege aliona kilemba cha Kandida kimeinama. Anasali, yule.

"Haijaharibika," Bariki alisema. "Niliichukua mimi."

"Uliichukua ukaipeleka wapi?" Emmanuel akauliza.

"Kanisani."

"Kanisani?"

"Ilikuwa mavuno, bosi. Tulipimia na karai, nikarudisha mshale nyuma kilo nne. Nilisahau kuupeleka mbele. Kila kitu mlichoandika leo kimepungua kilo nne."

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna. Nilimwambia mlinzi, lakini mlinzi si wa kulaumiwa. Nilimwambia kama mtu anayeaga, si kama anayeomba."

Emmanuel alivuta tai yake ikakaa sawa. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Mzee, unajua mpakiaji mwenzako Joel aliondokaje hapa."

"Najua. Aliazima ngazi ya kampuni bila kuomba. Nilimsaidia kuibeba alipoirudisha."

"Siku ileile aliondoka."

"Siku ileile, ndiyo."

"Hayo mtayaongea," Rachel akasema. "Mimi nataka kilo zangu. Mzee, unaniambia nne. Nionyeshe nne."

Bariki akaazima ndoo ya lita ishirini kwa mama wa chai, akaijaza maji mpaka kwenye alama, akaibeba hadi kwenye mizani bila kumwaga tone. "Maji kilo ishirini, ndoo yenyewe kilo moja," alisema.

Mshale ulipanda, ukasimama kwenye kumi na saba.

Zamda akajishika mdomo. Rachel alichukua kalamu ya Zamda akaanza kuandika kwenye kiganja. "Ishirini na sita mara nne..."

"Mia moja na nne," Bariki alisema. "Toa zile kumi na moja zilizobaki. Tumezidi tisini na tatu, Kapteni."

Rachel aliangalia upande wa magharibi, ambako hakuna aliyeweza kukiona kile kilima cha Endoroi, lakini yeye alikijua kila jiwe. Kisha akamrudishia Zamda kalamu. "Sawazisha mizani. Tunashusha soda."

"Soda ni za mteja!" Emmanuel akasema.

"Mteja atakunywa maji leo, kaka."

Bariki alizungusha kifundo mpaka ndoo ikasoma ishirini na moja. Akaitoa, akairudisha, akaitoa, akairudisha tena. Halafu akafungua tumbo la ndege, akatoa kreti ya kwanza.

"Ishirini na tatu," alisema.

Mizani ikasema ishirini na tatu. Zamda akaandika. Ya pili, ishirini na tatu. Ya tatu na ya nne vilevile. Mkono ulikuwa wake, wa siku zote, nao haukuwa umezeeka hata kidogo. Lakini hakuwa na muda wa kuufurahia.

"Tisini na mbili," Rachel alisema. "Bado moja. Mafuta sipunguzi."

Abiria walikuwa wameshuka kunyoosha miguu, na maneno yalikuwa yamewafikia. Kandida akajisogeza mbele. "Kilo moja ndiyo inatuzuia? Si nivue viatu?"

"Viatu vyako vya plastiki, mama. Havifiki robo."

"He! Mkono wako unajua mpaka viatu vya wake za watu?"

Watu wakacheka, na Bariki naye, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo. Kandida alikwenda kwenye kiroba chake, akafungua majani, akashika chana moja ya ndizi akaivunja kwenye mkungu kwa kuizungusha mara moja, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Bariki akaipokea. "Moja na robo," alisema, na hakuna aliyehangaika kuipima, ila yeye mwenyewe aliyeiweka kwenye mizani na kusubiri mshale.

"Kaa nazo hizo, baba," Kandida alisema. Utani ulikuwa umeondoka usoni. "Na ile sabini na tisa yangu?"

"Themanini na tatu, mama. Nisamehe."

"Nilijua. Kitenge kilinibana asubuhi." Akapanda ngazi ya ndege, akageuka. "Ungekaa kimya, baba, nani angejua?"

Bariki alifunga mlango, akaujaribu kwa kiganja, akarudi nyuma, akainua mkono.

Ndege iliondoka saa tatu kasoro dakika kumi. Iliacha ardhi mapema, mbali na mwisho wa lami, ikapinda kuelekea magharibi huku Mlima Meru ukiwa umesimama nyuma yake bila wingu hata moja.

"Wakitua nitakuita," Emmanuel alisema, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Bariki alikaa kwenye benchi la wapakiaji. Zamda alimletea chai, akaiweka pembeni yake bila kusema lolote kuhusu maandazi. Chai ikapoa. Mtu mwingine angempigia mke wake. Bariki hakumpigia Tabea, maana angemwambia nini? Kwamba amefukuzwa, au kwamba bado? Alikunja mikono akaifuata ndege kwa akili, dakika kwa dakika, kwa njia aliyoisikia kwa marubani kwa miaka ishirini na miwili hadi akaijua kuliko wengi walioipita wamelala.

Dakika ya kumi: milima ya Monduli iko kulia, na ndege imemaliza kupanda. Dakika ya ishirini: ukuta wa Bonde la Ufa, pale ambapo hewa inakuja kwa ngumi na watu wanashika viti. Mama Kandida atalia Yesu. Na amlilie, anasikia. Dakika ya thelathini na tano: misitu ya nyanda za juu iko chini, na ukungu kama maziwa yaliyochemka. Baada ya hapo ni majani tu, majani na vivuli vya mawingu, na Rachel anaanza kushuka kidogokidogo, mkono mmoja kwenye usukani, jicho linatafuta ule mstari wa udongo. Dakika ya hamsini. Hapa ndipo uzito unapouliza maswali yake. Bariki alibana magoti. Kilo tisini na tatu zingekuwa mle ndani sasa hivi, hazionekani, hazina tiketi, zimekaa kati ya watu.

Saa tatu na dakika arobaini na tano ilifika. Redio ya ofisini ilikuwa kimya. Arobaini na sita. Zamda alikuwa ameacha kuandika. Arobaini na saba, na mama wa chai akaja kusimama getini na ndoo yake mkononi.

Kisha mkwaruzo, na sauti ya Rachel kutoka mbali, imechanika kwa upepo lakini ni yake: "Kisongo, tuko chini Endoroi. Wote wazima. Kulikuwa na ng'ombe uwanjani, tumezunguka mara moja. Mama mmoja anauliza..." Mkwaruzo ukameza kilichofuata.

Zamda akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo. Bariki aliinamisha kichwa, na alipokiinua uso ulikuwa umelowa, akaufuta kwa mkono wa shati kama mtu anayefuta jasho la kawaida la kazi.

Mlango wa ofisi ulifunguliwa. Emmanuel alitoka. Hakuwa na karatasi mkononi, ila kalamu alikuwa nayo. Bariki alisimama, akafunga kifungo cha juu cha shati, akasubiri. Emmanuel alimpita. Alikwenda hadi kwenye mizani, akaizunguka, akakiangalia kile kifundo kwa muda mrefu bila kukigusa. Akaweka kalamu mezani kwa Zamda. Akatoa simu mfukoni, akaiweka. Akatoa funguo, akaziweka. Halafu akapanda juu, akasimama wima, macho mbele, kama abiria yeyote.

"Nisomee, mzee," alisema. "Ya jana tutayaongea baadaye."

Bariki akaja, akainama. Mshale ulikuwa umepanda, umepita, unarudi, unatetemeka, bado haujasimama.